Mifupa Kwanza, Ngozi Baadaye

Wataalamu wa jumba la National Gallery of Art mjini Washington walipoipiga eksirei sanamu ya msichana iliyotengenezwa na Edgar Degas, walikuta mikononi mwake mipini ya brashi za rangi. Mchoraji huyo Mfaransa alihitaji kitu kigumu cha kuzuia mikono ya nta isilegee, akatumia kilichokuwa karibu. Kiwiliwilini mlikuwa na vyuma, kamba na udongo. Juu ya hivyo ndipo ilipokuja nta ya nyuki iliyotiwa rangi, kisha nywele za binadamu, utepe, blauzi ya pamba, sketi fupi ya wacheza baleti na viatu vya kitani.

Sanamu hiyo, ijulikanayo kama Mcheza Dansi Mdogo wa Miaka Kumi na Minne, ina urefu wa karibu sentimita 99. Anayeitazama leo haoni brashi wala kamba. Anamwona binti aliyetanguliza mguu mmoja, mikono nyuma, kidevu juu, kama mtoto aliyekwishaambiwa mara nyingi asimame wima na sasa amechoka kuambiwa.

Fundi wa Kimakonde anayechonga mpingo anaanza na gogo moja. Analipunguza mpaka kilichomo kitokee. Gogo hilo ndilo mfupa na ndilo ngozi, likisimama limesimama. Anayeunda umbo kwa vifaa vya kila namna, chuma hapa, nguo pale, saruji, kioo, nta, hana bahati hiyo. Inambidi aamue mapema nini kitabeba na nini kitaonekana, na viwili hivyo vitashikana wapi. Akiteleza katika uamuzi huo, ustadi wake wa kutengeneza macho na pua hautamwokoa.

Degas hakuanza na nta. Alianza na penseli. Msichana aliyemwiga alikuwa Marie van Goethem, mwanafunzi wa shule ya baleti ya Opera ya Paris, mtoto wa familia maskini yenye asili ya Ubelgiji. Degas alimchora kwa mbele, kwa ubavuni na kwa nyuma, mara nyingine mikao kadhaa kwenye karatasi moja, akimzunguka kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuinunua. Kisha akafinyanga umbo dogo zaidi, la takribani sentimita 72, katika mkao uleule, lakini likiwa uchi. Sababu ni ya kiufundi tu. Nguo huficha makosa, na mtu asiyejua nyonga imekaa wapi chini ya sketi hataweza kuifanya sketi ining'inie sawasawa.

Baada ya hapo ndipo alipoamua jambo lililoifanya kazi hiyo ikumbukwe. Blauzi, viatu na nywele alivipaka nta nyembamba, vikashikamana na mwili vikawa sehemu ya sanamu. Sketi na utepe akaviacha vilivyo, kitambaa kitupu. Kama angekipaka nta kila kitu, msichana angebaki mwanasesere wa rangi moja. Kama asingeipaka nta nguo yoyote, ingeonekana sanamu iliyovishwa nguo za mtu mwingine. Ule utando mwembamba juu ya blauzi ndio daraja kati ya mwili wa kuigwa na nguo ya kweli, na jicho linavuka bila kujua limevuka.

Orodha ya maonyesho ya mwaka 1880 iliitaja sanamu hiyo, lakini haikuletwa. Ilionekana mwaka uliofuata, ikiwa ndani ya kabati la kioo, na baadhi ya wakosoaji wakaishambulia. Wapo waliomfananisha msichana na nyani. Mwandishi Huysmans, kwa upande wake, aliona kwamba hapo kuna jambo jipya kabisa. Ugomvi wote huo haukuhusu sura peke yake. Watu wa Paris walizoea sanamu za heshima ziwe za marumaru au bronzi. Nta yenye nywele na nguo waliijua kutoka kwenye maonyesho ya kulipia kiingilio na kwenye vyumba vya kufundishia udaktari. Kifaa huja na jina lake la mtaani, na anayepanga sanamu ni lazima alijue jina hilo kabla watazamaji hawajamkumbusha.

Degas alifariki mwaka 1917, na warithi wake wakaruhusu nakala za bronzi zisubiwe. Mwili wa nakala hizo ni wa metali, ila sketi zimebaki za kitambaa. Kitambaa huchakaa, hivyo kila jumba la makumbusho hubadilisha sketi yake inapobidi, na ndiyo maana mabinti wale wa bronzi waliotapakaa duniani hawavai sketi za urefu mmoja.

Suala la kipi kitachakaa kwanza lilimsumbua fundi mwingine zaidi ya miaka 2,300 kabla ya Degas. Mwaka 438 kabla ya Kristo, Athena Parthenos iliwekwa wakfu ndani ya hekalu la Parthenon mjini Athens. Msanii wake, Pheidias, alijenga kiunzi cha mbao, akafunika uso na mikono kwa vipande vya pembe za ndovu, na mavazi akayatengeneza kwa mabamba ya dhahabu. Sanamu ilifika kimo cha kama mita 12. Mwanahistoria Thucydides anaitaja dhahabu yake kuwa talanta 40, ambazo ni zaidi ya tani moja.

Mabamba hayo yaliundwa yaweze kuvuliwa. Pericles, kiongozi wa mji, aliwakumbusha wananchi wakati wa vita kwamba dhahabu ya mungu wao ni akiba wanayoweza kuikopa, mradi wairudishe. Plutarch naye anasimulia kwamba Pheidias aliposhitakiwa kuiba dhahabu, ilivuliwa ikapimwa kwenye mizani. Uamuzi wa kutogundisha dhahabu moja kwa moja kwenye mbao ulimlinda fundi.

Pembe ilikuwa na shida ya aina yake. Hewa ikiwa kavu mno hupasuka, ikiwa na unyevu mno huvimba. Msafiri Pausanias aliandika kwamba sanamu ya Zeus kule Olympia, nayo kazi ya Pheidias, ilihifadhiwa kwa mafuta kwa sababu mahali pale palikuwa na majimaji. Athens, ambako kilima ni kikavu, yalitumika maji. Sanamu moja ilihitaji mafuta, nyingine maji, ingawa fundi ni yuleyule na vifaa ni vilevile. Mahali nako kumo katika mpango. Sanamu zote mbili zimekwishapotea; Athena anafahamika kwa maandishi na kwa nakala ndogo, mojawapo ya marumaru yenye urefu wa kama mita moja iliyoko jumba la makumbusho la taifa la Ugiriki.

Ili mambo haya yashikike, tuseme fundi wa Lamu amepewa kazi ya kutengeneza punda wa ukubwa wa kawaida, asimame nje, karibu na bahari. Kazi ya kwanza haina saruji ndani yake. Anakwenda kumtazama punda. Anapima kimo begani, urefu wa mguu kutoka goti hadi kwato, upana wa kifua, umbali kati ya masikio. Anaangalia punda aliyepumzika anaweka uzito miguu ipi, kwa maana punda aliyesimama kwa miguu minne iliyo sawa kama meza hafanani na punda yeyote aliye hai. Kisha anachora mara tatu kwa kipimo kimoja, ubavuni, mbele na juu, kwenye karatasi yenye miraba. Ubavuni peke yake hakutoshi. Wengi huishia hapo, na mnyama wao hutoka mwembamba kama biskuti.

Baada ya michoro anafinyanga mfano mdogo wa waya na udongo. Hapo hesabu inaingia, na inastahili kusomwa polepole. Mfano wa sentimita 13 ukikuzwa mara 10, urefu unakuwa mara 10, lakini eneo la ngozi linakuwa mara 100 na ujazo mara 1,000. Udongo wa kilo moja uliosimama vizuri juu ya waya ungekuwa tani nzima kama punda angejazwa udongo uleule. Miguu imenenepa kwa eneo, mara 100 tu, ilhali mzigo umekua mara 1,000. Waya uliokuwa mnene kupita kiasi katika mfano unakuwa mwembamba mno katika kitu chenyewe, hata ukikuzwa kwa kipimo kilekile.

Kwa hiyo punda atakuwa mtupu ndani. Nondo zitafanya mifupa, wavu wa kuku utafanya umbo la misuli, saruji itapakwa kwa matabaka membamba juu yake. Nondo za miguu hazitaishia kwatoni. Zitapita chini ya kwato na kuzama kwenye msingi wa zege, zikunjwe huko ndani ili mnyama asing'oke watoto watakapompanda; na watoto watampanda, hata pakiwekwa bango la kukataza. Fundi asiyewahesabu watoto hao katika mpango wake hajamaliza hesabu.

Sasa ndio wakati wa kuchagua ngozi. Manyoya ya shingoni yakitengenezwa kwa kamba za usumba yatapendeza sana na yatafanana na yenyewe, lakini mvua na jua vitayamaliza. Basi yapitishwe kwenye matundu na kufungwa kwa ndani, yaweze kutolewa na kuwekwa mengine, bila kuyazika kwenye saruji. Pheidias angekubaliana na hilo. Macho yakiwa ya kioo yatashikwa na ukingo wa saruji unaozuia maji yasituame. Na mchanga usitoke ufukweni. Chumvi iliyomo hufika kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, na saruji hupasuka kutokea ndani. Kila aliyeona nguzo ya nyumba ya pwani iliyobanduka saruji na kuacha nondo nyekundu nje ameona jambo hilihili.

Chumvi hiyo haikumhurumia hata yule mwanamke wa New York.

Sanamu ya Uhuru ni mchanganyiko wa vifaa viwili vikuu. Ngozi yake ni shaba nyekundu yenye unene wa milimita 2.4 tu, iliyogongwa kwa nyundo juu ya kalibu za mbao. Mifupa yake ilikuwa chuma. Mchongaji Frédéric Auguste Bartholdi aliwahi kumpendekezea mtawala wa Misri mwanamke mkubwa mwenye taa, asimame kwenye mlango wa Mfereji wa Suez, na pendekezo likakataliwa. Lingekubaliwa, mabaharia wa Mombasa na Unguja wangempita kila walipoelekea Ulaya. Wazo la mwanamke mwenye mwanga alikwenda nalo Marekani.

Bartholdi alikuza sanamu kwa ngazi. Mfano wa kwanza ulikuwa na kimo cha mita moja na ushei. Akatengeneza mwingine wa karibu mita tatu, kisha wa plasta uliokuwa robo ya ukubwa kamili. Huo wa robo ulikatwa vipande, na kila kipande kikakuzwa mara nne kwa maelfu ya vipimo vya timazi na rula. Kila ngazi ilikuwa nafasi ya kusahihisha, kwani mkunjo wa nguo unaovutia kwenye mfano wa mezani unaweza kuwa shimo jeusi ukifika mita kadhaa. Kutoka miguuni hadi ncha ya mwenge ni mita 46.

Mifupa ilipangwa na ofisi ya Gustave Eiffel, baada ya mhandisi wa awali, Viollet-le-Duc, kufariki mwaka 1879. Eiffel alisimamisha mnara wa chuma katikati. Kutoka kwenye mnara huo yalitoka mataruma ya kushikilia vipande vyembamba vya chuma vilivyokunjwa kufuata umbo la ngozi kwa ndani. Jambo la kutazamwa kwa karibu ni pale chuma kilipokutana na shaba. Vipande hivyo havikupigiliwa ribiti kwenye ngozi. Vilipita ndani ya vishikio vya shaba mfano wa mkanda unavyopita kwenye vitanzi vya suruali, na vishikio ndivyo vilivyopigiliwa ngozini. Shaba ikitanuka kwa jua la mchana au kujikunja kwa baridi ya usiku, inateleza juu ya chuma bila kuchanika. Ngozi haijibebi yenyewe, inaning'inia.

Eiffel na wenzake walijua pia kwamba shaba na chuma hawapatani. Metali mbili zisizofanana zikigusana na kulowa maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na mmoja wa wawili hao huliwa. Hapa anayeliwa ni chuma. Waliweka kati yao asbesto iliyoloweshwa vanishi ili visigusane. Sanamu ilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886, katikati ya bandari, kwenye upepo wa bahari. Asbesto ikachakaa, maji yakaingia, chuma kikashika kutu na kuvimba ndani ya vishikio hadi kikang'oa ribiti. Kuteleza kukaisha. Katika matengenezo makubwa ya mwaka 1984 hadi 1986, vyuma vya ngozi zaidi ya 1,800 vilitolewa, vichache kwa wakati ili umbo lisiharibike, na mahali pake vikawekwa vya chuma kisichoshika kutu vikitenganishwa na shaba kwa teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango.

Mtu anaweza kusema walioijenga walishindwa. Haielekei. Walijua mahali pa hatari, wakapawekea kinga ya zama zao, na kwa kuwa hawakuvigandisha vifaa pamoja, wajukuu wao waliweza kubadilisha mifupa bila kumvua ngozi.

Hadi hapa mifupa imefichwa. Pablo Picasso aliuchezea mpaka kati ya kinachobeba na kinachoonekana. Mwaka 1942, Paris ikiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, alichukua tandiko la baiskeli na usukani wake, akaviunganisha, na kikatokea kichwa cha fahali. Hapakuwa na mchoro wa kupimia. Vitu vilitangulia, wazo likafuata, na kazi yote ikawa ni kuona.

Mbuzi wake wa mwaka 1950 alikuja kwa njia nyingine. Wakati huo Picasso aliishi Vallauris, mji wa wafinyanzi kusini mwa Ufaransa. Françoise Gilot, aliyeishi naye miaka hiyo, ameeleza kwamba safari hii wazo ndilo lililotangulia: alitaka mbuzi jike, mwenye mimba, kisha akaanza kuokota vitu vinavyomfaa, vingine kwenye jalala lililokuwa njiani kuelekea karakana yake. Kikapu kikuukuu kikawa tumbo na mbavu. Kuti likawa mgongo. Mitungi ya udongo ikawa viwele. Mbao zikawa miguu, vipande vya chuma vikaingia palipohitajika, na plasta ikajaza mapengo.

Kikapu hicho kinastahili kutazamwa kidogo. Kina mbinuko wa tumbo la mnyama mwenye mimba, na miti yake iliyosukwa inachomoza kama mbavu za mbuzi aliyekonda kwa sababu chakula chote kinakwenda kwa mtoto. Wakati huohuo ni chepesi, ni kitupu, na kinaweza kushika plasta bila kuongeza uzito. Kinabeba na kinaonekana, vyote kwa pamoja. Mtu asiyejua lolote la sanaa anamtambua mbuzi mara moja, na anakitambua kikapu sekunde moja baadaye; raha ya sanamu imo katika sekunde hiyo. Mwaka uliofuata Picasso alifanya vivyo hivyo kwa nyani mwenye mtoto, ambaye kichwa chake ni magari mawili ya kuchezea ya mwanawe na mkia wake ni springi ya gari.

Mbuzi huyo baadaye alisubiwa kwa bronzi, na nakala moja iko jumba la Museum of Modern Art, New York. Bronzi ina faida isiyopingika: kikapu hakiozi tena, mtungi hauvunjiki, vifaa vyote vimekuwa kimoja na ugomvi kati yao umekwisha. Lakini kitu kimepungua. Mbuzi wa awali, aliyeko jumba la Picasso mjini Paris, bado ana weupe wa plasta na rangi ya miti ya kikapu, na anayemzunguka anaona fundi alivyofikiri. Yule wa bronzi anaonyesha alichokifikia.

Wapo waliokataa kabisa vifaa vyao vigeuke kitu kingine. Msumbiji ilitoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1992 ikiwa imejaa silaha. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa katika jambo hili na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango wa kubadilisha silaha kuwa majembe: mwenye bunduki aliileta, akapewa cherehani, baiskeli, jembe au vifaa vya ujenzi. Bunduki zilikatwakatwa zisifae tena, na sehemu ya vipande hivyo ikawafikia wasanii wa Maputo. Cristóvão Canhavato, anayejulikana zaidi kama Kester, alitengeneza Kiti cha Silaha mwaka 2001. Mwaka 2004 yeye pamoja na Hilario Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté wakatengeneza Mti wa Uhai, wenye kimo cha mita tatu na nusu na uzito wa karibu nusu tani. Kazi zote mbili ziko British Museum, London.

Kupanga mti wa namna hiyo ni kinyume cha kumpanga punda wa saruji. Nondo hukatwa kwa urefu unaotakiwa. Mtutu wa bunduki una urefu wake, mpini una mkunjo wake, na fundi akivifua hadi visitambulike ameua sababu ya sanamu kuwepo. Kwa hiyo mpango unaanzia sakafuni: vipande vinatandazwa, vinapangwa kwa umbo na urefu, na mchoro wa mti unafuata kile kilichopo. Matawi yanaenda hadi mitutu inapofika. Kuchomelea ndiko gundi, na alama za kuchomelea zinaachwa. Hakuna rangi, hakuna plasta ya kulainisha. Mtazamaji anapaswa kuona mti, kisha bunduki, na asiweze kuacha kuiona bunduki.

Kenya nayo ina wachongaji wa vyuma chakavu, Kioko Mwitiki akiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi kwa tembo na wanyama wengine wa ukubwa wao halisi. Kinachofaa kutazamwa zaidi hapa, hata hivyo, ni kandambili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kisiwa cha Kiwayu kaskazini mwa Lamu, Julie Church, mhifadhi wa mazingira ya bahari, aliona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kwa ndala zilizoletwa na mawimbi. Kutokana na hapo ilizaliwa kazi ambayo leo inaendeshwa na karakana ya Ocean Sole, Nairobi. Malapa yaliyookotwa fukweni na mitoni huoshwa, hubanwa na kugundishwa yakawa bonge, na bonge hilo huchongwa kwa kisu kama gogo, kisha kusuguliwa kwa msasa.

Hapo mchongaji anarudi karibu na yule wa mpingo, ila kwa tofauti moja kubwa: gogo lake analipanga mwenyewe. Rangi haipakwi. Buluu, nyekundu, kijani na nyeusi zimo ndani ya kandambili, na hutokeza mistari kisu kinapopita. Anayetaka mstari wa njano upite shavuni mwa twiga ni lazima ajue, kabla gundi haijakauka, ndala ya njano italala wapi na kwa mwinamo gani. Akishachonga amechelewa. Kwa mnyama mdogo haya huwekwa sawa kwa jicho na uzoefu. Kwa twiga mrefu kuliko mtu, umbo la ndani hutengenezwa kwa povu gumu jeupe, lile linalofungiwa friji na televisheni zisivunjike, na kandambili huwa ngozi yake.

Twiga wa namna hiyo hubadilisha swali la uzito. Tembo wa vyuma chakavu humfanya mwenye nyumba aulize kama sakafu itamudu. Twiga wa povu na ndala akiwekwa nje, kwenye uwanja ulio wazi, shingo yake ndefu inashika upepo na hana uzito wa kumweka chini, kwa hiyo anahitaji bomba la chuma lipite mguuni hadi kwenye msingi, sawa na nondo za punda. Mpira wake nao haupendi jua kali: rangi hufifia na gundi huachia kwenye kingo. Anayenunua sanamu kama hiyo huuliza bei na urefu. Maswali kama vile msingi utakuwa wa nini, jua litampiga upande gani, na kipande cha sikio kikibanduka kitabandikwa kwa gundi ipi, hubaki kwa fundi, na majibu yake yanatakiwa yawe yameandikwa pembeni mwa mchoro kabla kandambili ya kwanza haijakatwa.